Soma Ukingo wa Nishani: Heshima za Askari Wetu na Namna ya Kuthibitisha Habari za Ushujaa

Hotuba hii ilitolewa Bombo, Uganda, mbele ya wajukuu na vitukuu wa askari wa Keya, yaani King’s African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Imeandikwa hapa kamili kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika.

Waheshimiwa wazee wetu, masheikh, akina hajati, maafande mliostaafu na mnaoendelea kutumika, ndugu zangu vijana: assalaam alaykum. Nawashukuru kwa kuniita, na nawashukuru zaidi kwa kuja na makopo, mabahasha na vitambaa vyenu, kwa maana bila vitu hivyo maneno yangu ya leo yangekuwa upepo tu.

Kabla sijasimama hapa, hajati mmoja aliyeketi safu ya mbele aliniwekea mezani kopo la majani ya chai. Ameniruhusu nilizungumzie. Ndani yake kuna kipande cha kanga, na ndani ya kanga kuna vitu viwili. Cha kwanza ni nyota ya pembe sita, ya madini yenye rangi ya shaba iliyopauka. Katikati yake zimefumana herufi G, R na I pamoja na tarakimu ya Kirumi ya sita, juu kuna taji, na maandishi yanayozunguka yanaitaja Afrika. Cha pili ni duara la rangi ya fedha: upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili, na miaka 1939 na 1945. Utepe wa nyota umeshaoza, na mtu fulani mwenye mapenzi makubwa ameushonea kipande cha kitambaa cha kijani mahali pake.

Hajati akaniuliza, kwa sauti ya chini: “Mwalimu, baba aliua watu wangapi hata akapewa hizi?”

Ndugu zangu, nimefundisha historia kwa muda mrefu, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko swali jingine lolote kuhusu nishani. Nilimjibu kwamba nishani hizi hazikutolewa kwa kuua. Nyota ile ni Nyota ya Afrika, na alistahili kuipata askari aliyetumika katika maeneo ya vita ya Afrika Kaskazini, Uhabeshi, Eritrea au Somalia, kati ya tarehe 10 Juni 1940 na tarehe 12 Mei 1943, hata kama alikuwapo kwa siku moja tu. Duara lile ni Nishani ya Vita ya 1939 hadi 1945, na sharti lake lilikuwa siku 28 za utumishi. Baba yako, hajati, alikuwapo. Nishani inasema hivyo tu, haisemi zaidi. Inasema alitoka nyumbani kwake akaenda mahali ambapo watu walikuwa wanakufa.

Nilimwona akinyamaza, na nilijua kwa nini. Kwao kulikuwa na hadithi ya kifaru kilicholipuliwa kwa mkono mtupu. Sasa hadithi ile ifutwe? Hapana. Sikusema baba yake hakulipua kifaru. Nilisema nyota hii haithibitishi habari ya kifaru. Hayo ni mambo mawili tofauti, na leo nimekuja kuwaomba mtu asiyachanganye: tusidai zaidi ya kile ushahidi wetu unachoweza kubeba, na tusimkanushe mtu zaidi ya kile ushahidi wetu unachoweza kubeba.

Yeyote anayetaka kuzielewa nishani aanze na mgawanyo huu. Kuna nishani za utumishi, ambazo kila askari aliyefika eneo fulani katika muda fulani anapewa, awe mpishi, dereva, karani au mshika bunduki. Kuna nishani za ushujaa, ambazo mtu anapewa kwa tendo moja lililoonekana na kuandikwa. Kuna pia za utumishi wa muda mrefu na mwenendo mwema. Katika makopo yote ambayo nimefunguliwa katika maisha yangu, karibu yote yalikuwa na nishani za aina ya kwanza, na karibu familia zote ziliniambia ni za aina ya pili.

Je, mpishi aliyepewa Nyota ya Afrika ni mdogo kuliko wengine? Muulizeni askari yeyote aliyepo hapa kama amewahi kupigana bila kula.

Sasa naomba tugeuze nishani upande wake mwembamba. Watu wengi hutazama uso wa nishani, wakautazama mgongo wake, wakairudisha ndani ya kopo, na ukingo hawauangalii kamwe. Nishani za Vita Kuu ya Kwanza, nazo ni Nyota ya 1914–15, Nishani ya Vita ya Uingereza na Nishani ya Ushindi, zilitolewa zikiwa na maandishi ya mwenyewe: namba yake, cheo chake, jina lake na kikosi chake. Kwenye zile mbili za duara maandishi yapo kwenye ukingo. Kwenye nyota yapo mgongoni. Nishani ya Utumishi wa Afrika yenye kibao cha Kenya kwenye utepe, ambayo wengi wa Batalioni ya Nne ya Keya waliipata baada ya kupelekwa Kenya katika miaka ya 1950, nayo ina jina ukingoni. Lakini nyota na nishani za Vita ya Pili, kama hizi za hajati, askari wa Uingereza na wa makoloni yake huku kwetu walipewa bila jina. Afrika Kusini na Australia waliwachongea askari wao majina. Sisi hatukuchongewa.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba Nyota ya Burma iliyo mikononi mwako inaweza kuwa ya babu yako, na inaweza kuwa imenunuliwa sokoni juzi, na nyota yenyewe haina njia ya kukuambia. Tena siku hizi zinatengenezwa nakala nyingi, na zinauzwa waziwazi. Kwa hiyo nishani isiyo na jina ni lazima isimame pamoja na kitu kingine: cheti cha kuachishwa jeshi, barua, picha iliyopigwa wakati ule, kitabu cha malipo, au ushuhuda wa mtu aliyekuwa naye.

Na yenye jina? Hapo nitawasimulia habari ya nyumbani kwetu. Babu yangu alikuwa Keya katika vita vya 1914, vile vilivyomfukuza Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani kutoka Tanganyika hadi Msumbiji na kurudi, mpaka akasalimu amri Abercorn, katika Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Tulikuwa na nishani yake moja ya fedha, yenye mpanda farasi mgongoni. Kila sikukuu ilitolewa, ikasuguliwa, ikarudishwa. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipopata lenzi ya kusomea na kuupitisha ukingo chini ya dirisha, polepole, herufi moja baada ya nyingine. Jina lililokuwa pale halikuwa la babu. Halikufanana nalo hata kidogo.

Niliketi na nishani ile mkononi mpaka adhana ya alasiri. Nilimfikiria mzee ambaye nilimheshimu kuliko watu wote, na nikajiuliza kama alitudanganya. Baada ya siku kadhaa nilimwendea shangazi yangu, aliyekuwa amebaki peke yake katika watoto wa babu, nikamsomea jina lile. Hakushangaa. Akasema: “Huyo walikuwa hema moja. Alipougua alimpa baba amtunzie, kwa sababu kwao hapakuwa na mtu.” Babu hakuwahi kusema nishani ile ni yake. Sisi ndio tuliosema, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa kweli vinywani mwetu. Babu alikuwa ametunza amana ya rafiki yake kwa miaka zaidi ya arobaini, nasi kwa kutosoma ukingo tulimnyang’anya yule rafiki jina lake, na tulimnyima babu sifa ambayo alistahili kweli.

Ndugu zangu, kuthibitisha si kumvunjia mzee heshima. Wakati mwingine ndiyo njia ya pekee ya kumrudishia ile iliyo yake.

Nije sasa kwenye nishani za ushujaa zenyewe, kwa maana huko ndiko madai makubwa yanakotoka. Jambo la kwanza: nishani ya ushujaa ina njia yake ya karatasi. Mkuu wa kikosi anaandika pendekezo, mashahidi walioona kwa macho wanatoa maelezo, pendekezo linapanda ngazi kwa ngazi, na mwisho jina linachapishwa katika gazeti rasmi la serikali, ambalo kwa Uingereza ni London Gazette. Gazeti hilo linaweza kusomwa leo bila malipo na yeyote mwenye intaneti. Nishani za utumishi hazichapishwi humo. Za ushujaa huchapishwa. Kwa hiyo mtu akikuambia babu yake alipewa Nishani ya Kijeshi, ile yenye maneno ya ushujaa katika uwanja wa vita, una mahali pa kutafuta: gazeti, na ukingo wa nishani yenyewe, kwa sababu nayo huchongwa jina.

Jambo la pili ni cheo. Katika majeshi ya Uingereza ya wakati ule nishani zilifuata tabaka. Ile ya Utumishi Uliotukuka, ambayo kifupi chake ni DSO, ilikuwa ya maofisa. Msalaba wa Kijeshi, MC, ulikuwa wa maofisa na wale wa cheo kilicho chini yao kidogo tu. Koplo na sajini walikuwa na za kwao, na kwa muda mrefu askari Mwafrika wa Keya hata katika ushujaa alikuwa na nishani yake ya pembeni, tofauti na ya askari Mzungu aliyelala naye handaki moja. Ulikuwa ubaguzi, na tuseme hivyo bila kuzunguka. Lakini ubaguzi huo huo unatupa kipimo: familia ikisema babu alikuwa koplo huko Burma mwaka 1944 na alipewa DSO, mahali fulani kuna kosa, ama katika cheo ama katika nishani, na ni lazima tuanze upya.

Juu ya zote ipo Msalaba wa Victoria, kwa kifupi VC. Ilianzishwa mwaka 1856, ni ya shaba nyeusi isiyopendeza macho, na tangu hapo imetolewa mara zaidi kidogo ya 1,350 kwa majeshi yote ya Uingereza na nchi washirika wake. Katika jeshi letu la Keya aliipata Sajini Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, wa Batalioni ya Sita. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito kusini mwa Uhabeshi, vifaru vya Waitaliano viliwatokea wenzake kutoka nyuma. Leakey aliruka juu ya kifaru kimoja, akaufungua mfuniko kwa nguvu, akawapiga risasi waliokuwemo isipokuwa dereva, akamlazimisha dereva akiendeshe. Kisha akaondoka kwenda kuvifuata vingine, na akauawa juu ya kimojawapo. Wenzake waliona. Hata hivyo, nishani yake ilitangazwa Novemba 1945, miaka zaidi ya minne baadaye. Nimewasimulia ili mjue kipimo: tendo la namna hii, lililofanyika mchana mbele ya watu, lilihitaji muda wote huo na maandishi yote hayo.

Lakini msidhani gazeti rasmi halikosei. Agosti 1940 Kepteni Eric Wilson wa Kikosi cha Ngamia cha Somalia alibaki na bombomu yake huko Tug Argan kwa siku kadhaa, akiwa na majeraha na homa ya malaria, mpaka adui akaiteka ngome yake. Oktoba mwaka huo ilitangazwa kwamba amepewa Msalaba wa Victoria, na watu waliamini kwamba ameshafariki. Hakuwa amefariki. Alikuwa kambini, mateka wa Waitaliano, na habari ya nishani yake aliisikia akiwa huko kutoka kwa mateka mwenzake. Tendo lilikuwa kweli, kifo hakikuwa kweli, na vyote viwili vilisafiri pamoja.

Wazee wangu, lipo jina moja ambalo siwezi kulipita, ingawa najua nimesimama Bombo, na hapa jina hilo si la vitabuni tu: kuna nyumba zilizolia kwa sababu yake, na kuna nyumba zisizo na hatia zilizolia baada yake. Idi Amin alisema alipigana Burma katika Vita ya Pili. Kumbukumbu zinaonyesha aliingia Keya mwaka 1946, na vita vilikwisha Septemba 1945. Baadaye, akiwa rais, alijivika herufi za VC, DSO na MC. VC yake haikuwa ya Victoria. Aliiita Msalaba wa Ushindi, na kwa Kiingereza herufi za mwanzo zinafanana, ili msikiaji asiyeuliza akubali. Haikupendekezwa na mkuu yeyote, haikuwa na shahidi, haikupitia ngazi yoyote. Nani angemuuliza?

Huzuni yake ni kwamba alikuwa na utumishi wa kweli wa kueleza. Alipanda kutoka chini kabisa, akafika effendi mwaka 1959, cheo cha juu kabisa ambacho askari Mwafrika aliruhusiwa wakati ule, na mwaka 1961 yeye na Shaban Opolot walikuwa Waganda wa kwanza kupewa uofisa. (Neno hilo la effendi ndilo mnaloliita “afande” kila siku, lilikuja na babu zenu Wanubi kutoka Sudani, wale ambao ofisa Mwingereza Lugard aliwachukua Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mwaka 1891.) Nishani za uongo hazikumwongezea kitu. Ziliwaumiza wazee wa kijiji hiki waliokwenda Burma kweli, kwa sababu tangu hapo, Mnubi akisema alikuwa Burma, watu walitazamana.

Mnaona basi kwamba uongo juu ya nishani haumwibii mfalme wala serikali. Unamwibia jirani.

Na si kwetu tu. Marekani, yenye madaftari mengi kuliko sisi, mwaka 1916 iliunda jopo la majenerali kupitia orodha ya nishani yake ya juu kabisa, na mwaka 1917 majina 911 yakafutwa. Kati ya hayo, 864 yalikuwa ya kikosi kimoja cha jimbo la Maine ambacho watu wake waliahidiwa nishani kwa kukubali tu kuongeza siku za kulinda mji mkuu. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 2012, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua katika kesi ya Alvarez kwamba kusema uongo tu juu ya nishani hakuwezi kuwa kosa la jinai, na mwaka uliofuata sheria ikaandikwa upya iwabane wanaosema uongo huo ili wapate fedha au faida nyingine. Mimi naona ule ni mpaka mzuri. Mzee anayeongeza chumvi mbele ya wajukuu anahitaji kusikilizwa kwa upole. Anayeongeza chumvi ili achukue pensheni, ardhi au karo iliyotengwa kwa mjane wa askari anahitaji polisi.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Nimewaambia tafuteni karatasi. Je, karatasi zisipokuwepo?

Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliteketeza London sehemu kubwa ya mafaili ya askari wa Uingereza wa vita vya kwanza. Julai 1973 moto wa St. Louis, Marekani, uliunguza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Na sisi? Kwetu mara nyingi halikuhitajika hata bomu, kwa kuwa majina hayakuandikwa tangu mwanzo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwa maandishi kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Hao ni askari na wapagazi. Mnawajua wapagazi: ndio waliobeba masanduku ya risasi kichwani kutoka mto hadi mto, wakafa kwa kuhara na homa, wakazikwa kando ya njia. Mjukuu wa mpagazi akija kwangu bila nishani, bila cheti, bila jina katika orodha, nitamwambia kwamba babu yake hakuwepo? Kwa haki gani?

Nina kosa langu katika jambo hili, na nitalisema mbele yenu. Miaka mingi iliyopita, katika matanga ya rafiki, mzee mmoja alisimulia jinsi walivyovuka mto Chindwin huko Burma. Nilikuwa nimeanza tu kujifunza mambo haya, na nilijiona mjuzi. Nilikwenda nikatafuta jina lake katika orodha ya Tume ya Makaburi, nikatafuta katika London Gazette, sikuliona. Nikarudi nikasema mbele ya watu kwamba hayumo. Sikumwita mwongo. Nilisema tu kwamba hayumo, na nikawaachia watu wamalizie.

Angalieni ujinga ule. Orodha ya Tume ni ya waliokufa vitani, na mzee alikuwa hai mbele yangu anakunywa chai. Gazeti ni la nishani za ushujaa, na yeye hakudai ushujaa wowote, alidai kuvuka mto. Nilitafuta katika madaftari mawili ambayo hakuwa na sababu yoyote ya kuwemo. Na kama ningemsikiliza, ningesikia alichokuwa anasema: mvua isiyokatika katika Bonde la Kabaw, ruba walioingia mpaka ndani ya mabuti, chakula kilichodondoshwa kwa ndege kwa sababu barabara zilikuwa matope, kisha lile daraja refu lililounganishwa kwa vipande juu ya mto mwezi wa Desemba. Ndivyo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivyopita mwaka 1944. Mambo hayo mtu hakuyatoa hewani. Mzee alifariki mwaka uleule. Kwenye arobaini mwanawe alinionyesha cheti chake cha kuachishwa jeshi, kimekunjwa mara nne. Karani aliandika jina lake kwa L pale penye R, na jina la baba yake alilikata katikati. Hata kama ningepata daftari lenyewe, nisingelimtambua.

Ndiyo maana nawaomba vijana: mkimkuta mzee wa vita vyovyote, vya zamani au vya juzi, msimuulize aliua wangapi. Muulizeni alipanda gari au meli wapi, nani alikuwa sajini wao, walikula nini, mabuti yalikuwaje, nani aliugua. Aliyekuwepo hukumbuka vitu vidogo na husahau tarehe. Mwongo ana tarehe zote, na hadithi yake haina hata siku moja aliyosubiri bila kufanya kitu. Andikeni majina kwa kila namna karani angeweza kuyakosea. Na mkikosa jina, semeni mlitafuta wapi na mlitafuta nini, ili mwingine ajue pa kuendelea.

Kuhusu nishani za Uganda ya leo nitasema kwa kifupi, kwa kuwa maafande waliopo wanazijua kuliko mimi. Zinasimamiwa na Sheria ya Heshima na Tuzo za Taifa ya mwaka 2001. Ya juu kabisa ya kijeshi ni Katonga, ambayo Mwalimu Nyerere alipewa baada ya kufariki. Zipo Nyota ya Kabalega, Nyota ya Rwenzori na Nyota ya Masaba, na zipo nishani za Damu, Luwero na Nalubaale. Hii ya mwisho inawahusu raia, hivyo msishangae kumwona nayo mama ambaye hakuwahi kushika bunduki. Nishani hizi hutolewa hadharani, mara nyingi katika sherehe za taifa kama tarehe 26 Januari, Tarehe Sita ya Februari au siku ya Mashujaa tarehe 9 Juni. Mtu akisema alivikwa, muulizeni kwa adabu: sherehe gani, mwaka gani, wapi? Aliyevikwa hufurahi kuulizwa. Na nyinyi mnaozipokea sasa, au watoto wenu waliorudi kutoka Somalia, andikeni leo. Wekeni cheti pamoja na nishani, na nyuma ya picha andikeni jina kamili, kikosi, mahali na mwaka, kwa kalamu isiyofutika. Wajukuu zenu wasije wakalazimika kuniuliza mimi.

Mambo mawili ya mikono, kisha tuanze kazi. La kwanza: mwenye nishani huivaa kifuani upande wa kushoto. Ndugu wa marehemu anayetaka kuivaa kwa kumbukumbu huiweka upande wa kulia, na kwa desturi hiyo kila anayemwona anajua kwamba anambeba mwingine na hajidai mwenyewe. La pili, na hili nalisema kwa uchungu: acheni kuzisugua nishani kwa majivu, kwa limau au kwa dawa ya kung’arishia shaba. Nimeona ukingo ambao jina limebaki herufi tatu, nyingine zimefutwa kwa kusuguliwa na mapenzi ya watoto sikukuu baada ya sikukuu. Futeni vumbi kwa kitambaa laini na kikavu, basi. Rangi iliyofifia haimpunguzii mzee kitu, lakini jina likishafutika hatuna pa kulipata tena.

Pale dirishani kuna meza, kuna lenzi mbili, na vijana wawili wataandika. Nimewaagiza waandike yanayosomeka na yanayosimuliwa katika safu mbili tofauti, na safu ya pili wasiiandike kwa haraka kuliko ya kwanza. Wenye cheti waje na cheti. Wasio na kitu ila hadithi waje pia, wakae karibu nami. Hajati, tuanze na kopo lako, na utusimulie habari ya kile kifaru tangu mwanzo: nani alikusimulia, na yeye aliisikia kwa nani.